Upande wa Kupokea

“Kaza, mama. Huku umelegeza.”

“Nikaze nini tena? Kichwa chenyewe kigumu, tangu nilipokizaa hakijawahi kulainika.”

“Kaza tu. Kesho tuna wageni maabara.”

Mama alicheka, akavuta pumzi, akaendelea kusuka. Ilikuwa Jumapili mchana. Binti alikuwa ameketi sakafuni juu ya mto, mgongo ameuegemeza kwenye magoti ya mama yake, kama alivyokuwa akikaa tangu miguu yake haijafika hata katikati ya mkeka. Mlango ulikuwa wazi. Kwenye ngazi ya mlangoni alikaa jirani yao, rafiki wa mama wa miaka mingi, ambaye mtaa mzima ulimwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzima.

“Mwache mwenzio, Profesa,” Redio alisema. “Mkono wa msusi nao ni mkono. Haukuletwa na kiwanda.”

Jina la Profesa alilibandika Redio mwenyewe, siku ile binti wa msusi alipokwenda chuoni kwa mara ya kwanza na sanduku lililofungwa kamba. Hakuna chuo kilichowahi kumpa cheo hicho. Alikuwa mtafiti wa kawaida katika maabara ndogo mwishoni mwa korido, yenye hadubini moja nzuri na nyingine ya kupigwa kofi ndipo iwake. Maisha yake yote ya kazi, tangu ujana mpaka mvi zilipoanza kumchungulia kwenye kipaji cha uso, yalikuwa yameishia mahali pamoja ambapo jicho tupu halipaoni: pale neva inapokutana na msuli.

Zamani mama alipomuuliza kazi hiyo hasa ni nini, alimweleza hivi. Neva na msuli havigusani, mama. Kati yao pana ufa mwembamba mno. Neva ikitaka msuli ujikunje, inamwaga ujumbe kwenye ule ufa, kutoka kwenye vifuko vidogo vidogo, na msuli unaupokea upande wa pili. Sasa fikiria nyumba yenye harusi. Vikombe vya chai vinatoka jikoni vimejaa, vinarudi vitupu. Wageni hawaishi na vikombe ni vichache. Pasipokuwa na mtu huko nyuma wa kuviosha na kuvijaza upya, shughuli inasimama. Basi vile vifuko ndivyo vikombe, navyo huokotwa vikajazwa tena. Mimi natafuta namna vinavyookotwa.

“Yaani shule yote ile,” mama alisema, “ni kuosha vyombo? Si ungeniambia, nikufundishe hapa hapa bure.”

Alilirudia neno hilo kwa kila kichwa kilichokuja kusukwa, na kila mara alilisema kwa sauti ya mtu anayelalamika, macho yakimcheka.

Siku ya pili yake, Jumatatu, kabla wageni hawajafika, Profesa aliingia chooni kujitazama. Alikuwa na kioo kidogo cha mkobani. Alikiinua nyuma ya kisogo, akageukia kile kikubwa cha ukutani, ili aone mistari ilivyokaa.

Upande wa kushoto, alikoanzia mama, mistari ilikuwa myembamba na imenyooka, imebana mpaka ngozi inang’aa. Uliofuata ulikuwa umebana pia. Uliofuata, kidogo. Halafu, mmoja baada ya mwingine, kwa mpangilio usiokosea hata mara moja, mistari ilizidi kunenepa na kulegea, hata ile ya mwisho nyuma ya sikio la kulia ilikuwa imekaa kama kamba ya kiatu iliyofungwa na mtoto.

Alisimama pale na kioo mkononi.

Mchoro ule aliujua. Alikuwa akiuchora kila wiki. Ukiuamrisha msuli uliochoka ujikunje mara nyingi mfululizo, unaanza na nguvu, kisha kidogo, kisha kidogo zaidi, unashuka kama ngazi. Ukiupumzisha, nguvu zinarudi. Akakumbuka jinsi mama alivyokuwa akisema, “Hebu tazama kule nje, nani yule?” na kila mtu akatazama nje, na nje hakuna mtu, na mikono ya mama imeshuka mapajani ikipumua. Akakumbuka wateja wa alasiri ambao siku hizi walikuwa wakipita bila kuingia. Akakumbuka kope ya kushoto ya mama, iliyokuwa ikishuka kwenye kila picha ya jioni, na wao wakisema mama ana usingizi.

Alikuwa ameubeba mchoro ule kichwani mwake tangu jana. Na alikuwa amemwambia akaze.

*

Daktari alimtaka mama atazame juu, kwenye pembe ya dari, bila kushusha macho. Mama akatazama. Mwanzoni ilikuwa kama mchezo. “Kuna buibui pale, daktari, mnafagia kweli humu?” Kisha kope zikaanza kushuka zenyewe, taratibu, kama pazia lililokatika kamba, na mama akajaribu kuziinua kwa nyusi, na nyusi nazo zikakataa.

Walipotoka, walikaa kwenye benchi la korido. Mama alikuwa ameshika pakiti ya vidonge kwa mikono miwili.

“Kwa hiyo vikombe vyako vimevunjika,” alisema.

“Hapana, mama. Vikombe viko salama. Vinaoshwa, vinajazwa, vinatoka jikoni kama kawaida.” Profesa alikuwa akitazama sakafu. “Shida iko upande wa pili. Wageni ndio hawana mikono ya kupokea. Damu yako mwenyewe imewakata mikono, imedhani ni adui. Neva inatuma, msuli haupokei.”

Mama alifikiri.

“Pole, mwanangu,” alisema. “Umesoma upande usio wangu.”

Alikuwa anatania. Lakini binti alilala na neno hilo, akaamka nalo.

Daktari alikuwa amewaambia mambo mengi, na katika hayo moja alilikariri mara mbili. Ugonjwa huu ukitaka kumzidia, alisema, utaanza kwenye koo. Sauti yake ndiyo itakayowaambia. Mkimsikia anaanza kuongelea puani, maneno yanakwaruzana, anapaliwa na maji, msingoje kesho. Mleteni, kwa sababu baada ya koo ni pumzi.

Profesa aliitikia kwa kichwa. Alielewa kuliko mtu yeyote aliyewahi kuketi kwenye kile kiti. Na pengine hapo ndipo kosa lilipoanzia, kwa sababu mtu mwingine angekwenda nyumbani akaogopa tu. Yeye alikwenda nyumbani na mpango.

Mpango wenyewe ulikuwa wa upendo. Kila msuli una akiba yake ya siku, alimweleza mama, ya kutafuna, ya kumeza, ya kuongea. Ukiitumia asubuhi, jioni huna kitu. Basi mchana usiongee. Kabisa. Chakula kiwe laini, mikono ipumzike, mdomo upumzike. Maneno yako yote yaweke. Mimi nikirudi jioni, utaongea na mimi.

“Mchana kutwa?” mama aliuliza.

“Mchana kutwa.”

“Na mtu akinisalimu?”

“Mpungie mkono.”

“Nitaonekana nimekuwa waziri.”

Mwezi wa kwanza ulikuwa mtamu. Jioni, mlango ukifunguliwa tu, mama alikuwa ameshakaa mkao wa kula maneno, sauti yake mbichi kama ya msichana. “Njoo, njoo ukae, usivue hata viatu! Leo nimekaa dirishani kama picha ya ukutani, watu wamesahau kwamba nina masikio, wanapita wanasema mambo yao yote!” Na anaanza. Nani amemwacha nani, nani amepaka rangi lango lisilo na nyumba. Profesa anacheka mpaka chai inapoa. Halafu, katikati ya neno, sauti inaanza kupotea, herufi zinalainika, na binti anainua kiganja. “Basi, mama. Inatosha. Nyingine ya kesho.” Na mama, mtiifu, anafunga mdomo, na lile jambo linabaki limesimama mashavuni.

Redio peke yake ndiye hakuuelewa mpango. Aliingia asubuhi moja kama alivyozoea, na Profesa, ambaye alikuwa akifunga mkoba wake, alimkuta mama ameshika mbavu, machozi yanamtoka kwa kicheko.

“Mama mdogo, nje kidogo,” alimwambia Redio.

Walisimama kwenye ngazi.

“Ukija humu mama anacheka. Akicheka anachoka.”

“Kwani kucheka ni kubeba zege?”

“Kwake ni kubeba zege.”

Redio alimtazama juu mpaka chini. Alikuwa amemfunga nepi mtoto huyu. “Na mimi nisije?”

“Kwa sasa. Mpaka apate nguvu.”

“Haya. Mwenye elimu ni wewe.” Aliteremka ngazi moja, akageuka. “Lakini mama yako si sahani za wageni, Profesa. Hawekwi kabatini.”

“Ni kwa ajili ya misuli yake, mama mdogo.”

“Sawa. Na yeye mwenyewe, amewekwa wapi?”

Akaenda zake. Wateja nao wakaacha kuja. Mtu hawezi kukaa mbele ya msusi asiyesuka wala kusema. Watoto wa jirani wakazoea kumpungia mkono dirishani na kukimbia. Profesa akirudi alikuta nyumba imetulia, kila kitu mahali pake, na mama kwenye kiti, amepumzika. Akaandika moyoni kwamba mambo yanaenda vizuri.

*

Huko maabara kulikuwa na jambo jipya.

Alikuwa na ukoo wa nzi wa matunda, wale wadogo wanaozunguka ndizi zilizoiva, aliowafuga kwenye chupa kwa miaka. Walikuwa na kasoro moja: wakipata joto, neva zao hushindwa kuviokota vile vifuko vilivyokwisha kutumika. Nzi anatembea vizuri, joto linapanda, ghafla anaanguka chali kama aliyezimwa. Ukimpoza, anaamka, anajipangusa mabawa, anaendelea na safari zake. Kila mtu aliyesoma mambo hayo aliamini kwamba ndani ya joto hakuna kinachookotwa. Profesa alikuwa na wazo la tofauti, dogo, ambalo alikuwa amelitunza peke yake kama mtu anayeficha mimba changa. Aliamini iko njia ya pili, ya polepole sana, ambayo neva huitumia pale njia ya kwanza inapofungwa. Hakuna aliyewahi kuiona kwa sababu hakuna aliyewahi kuisubiri.

Kuisubiri kulitaka saa nyingi. Anampasua funza wa nzi, anambandika kwa pini nyembamba kuliko unywele, anaufikia msuli wake na neva inayoushika. Anauzamisha kwenye maji ya chumvi yaliyotiwa rangi inayong’aa, ili kifuko chochote kitakachookotwa kibebe rangi ndani yake. Kisha giza. Chumba kile kilikuwa hakina dirisha, na sheria yake ya kwanza ilikuwa simu ibaki nje, kwenye droo, kwa maana mwanga wa simu moja tu huharibu kazi ya siku nzima. Ya pili: ukishaanza huondoki. Msuli uliotolewa mwilini hauna kesho.

Basi akaanza kuchelewa. Alirudi siku moja mama amesinzia kitini. Akarudi siku nyingine mama yu macho, akafungua mdomo, na Profesa, ambaye macho yake yalikuwa yanawaka kwa kutazama gizani, akasema, “Kesho, mama yangu, nimechoka mimi. Niwekee.”

Mama akaitikia kwa kichwa.

Asubuhi iliyofuata mama alikuwa dirishani tayari, kikombe cha uji mbele yake hakijaguswa. Profesa alimbusu utosini.

“Leo nitawahi.”

Mama aliweka kidole kwenye midomo yake, kisha akakipeleka, taratibu, mpaka kwenye sikio la binti yake, akaligusa. Nina jambo lako.

“Najua. La jana. Nitawahi, nakuahidi.”

Alitabasamu, au alijaribu. Tabasamu lilikwenda upande mmoja likasimama. Kisha aligeuza uso kuelekea nje, haraka, akijifuta kidevu kwa kanga. Profesa alikuwa anatafuta funguo. Hakusikia sauti ya mama yake asubuhi ile. Wala hakuisikia jana yake, wala juzi. Mama alikuwa ameifuata sheria.

*

Waliiona siku hiyo. Yeye na hadubini yake, hapakuwa na mwingine wa kuiona.

Kwanza giza tupu, kama siku zote. Joto limepanda, neva imeamrishwa mpaka ikaishiwa vifuko, msuli kimya. Alikaa. Mgongo ukauma, akakaa. Na pale ambapo kwa miaka yote hapakuwa na kitu, kikatokea kijidoa cha kijani, hafifu, ambacho alidhani ni uchovu wa jicho lake. Akafumba, akafumbua. Kipo. Pembeni yake kingine. Kisha vingine, kimoja kimoja, bila haraka yoyote, vikajipanga kwenye ncha ya neva kama taa za mtaa unaorudishiwa umeme nyumba kwa nyumba. Njia ya pili. Ilikuwepo muda wote.

Alilia, peke yake mle ndani, akijifuta kwa mkono wa koti ili machozi yasiguse kioo. Akakumbuka kwamba ameahidi kuwahi. Nikiondoka sasa, alijiambia, nitakuwa sina ushahidi; ngoja vijae kwanza, nipige picha, nikimbie. Vikajaa. Akapiga picha moja. Akangoja apige nyingine.

Alipotoka na kuvuta droo, simu ilikuwa imejaa jina moja. Redio, Redio, Redio.

Redio alikuwa amepita dirishani saa sita mchana, akampungia rafiki yake mkono kama mtaa mzima ulivyofundishwa, na rafiki yake hakupunga. Alikuwa ameinama mbele, kidevu amekiegemeza kwenye kiganja kwa sababu shingo haikiinui kichwa, mate yanamdondoka kwenye kanga. Redio hakukumbuka kwamba amekatazwa. Aliusukuma mlango kwa bega.

“Alikuwa anahema juu juu,” alisema, kwenye korido ya hospitali, akiwa na kiatu kimoja cha kwake na kingine cha mama. “Nikamwambia, ongea, sema na mimi, una nini? Akajaribu. Ikatoka hewa tu, puani. Puani yote, mwanangu. Sijaelewa hata neno.”

Profesa alikuwa amesimama, koti la maabara bado liko mwilini.

“Nikamwambia basi niambie mimi, hata kwa ishara, nitamfikishia. Alijua nakusema wewe. Akanitikisia kidole, hivi. Hapana. Hilo hakutaka kunipa mimi.”

Daktari alitoka. Ni yule yule. Walikuwa wamemtia mrija kooni, mashine inampumulia. Aliuliza maswali kwa upole, moja baada ya jingine, kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia. Vidonge alikuwa anameza? Anameza. Alikuwa anapaliwa? Sijui. Sauti yake ilibadilika lini?

Profesa alianza kufungua vifungo vya koti la maabara.

“Hali hii haiji kwa saa moja,” daktari alisema. “Sauti lazima ilianza kwenda siku mbili tatu zilizopita. Mchana alikuwa na nani wa kuongea naye?”

“Hakuongea,” Profesa alisema. “Nilimkataza.”

Daktari alisubiri, akidhani maneno yanaendelea. Redio, ambaye alikuwa na haki ya kusema kitu wakati ule kuliko wakati wowote wa maisha yake, aliinama akavua kile kiatu kisicho chake, akakishika kifuani.

*

Wakaanza kumsafisha damu, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Inaweza kusaidia, daktari alisema. Wengine huchukua wiki, wengine zaidi, wengine mapafu huingiwa na maambukizi kwanza. Hakumdanganya. Mtu anayejua mambo hayo huwezi kumfunika kwa shuka.

Mama alilala chali, uso wake laini na mtupu, bila kunyanzi hata moja, kana kwamba umepigwa pasi. Macho hayakufunguka. Lakini alikuwa mzima mle ndani. Hilo ndilo lililomsumbua Profesa kuliko yote. Anasikia kila kitu. Anajua saa, anajua nani ameingia. Neva zake zilikuwa zinatuma usiku na mchana, bila kuchoka, na upande wa pili hakuna aliyepokea.

Maabara wakampigia kumpongeza kwa picha. Mkuu wake alisema dunia itazungumza. Alisema asante, akarudi kwenye kiti.

Alikaa kimya, kwa sababu mgonjwa anatakiwa kupumzika. Wanawake wa mtaani walipokuja mlangoni na nyuso zao, aliwatokea, akawashukuru, akawarudisha. Muuguzi wa zamu alimsifu. Jamaa za wagonjwa wengine, alisema, wanapiga kelele kama wako sokoni, wewe umestaarabika.

Siku ya tatu ya kusafisha damu, akiwa ameshika mkono wa mama, alihisi kidole cha shahada kikimbonyeza. Kidogo mno. Kama mtoto anavyopiga teke la kwanza tumboni, mpaka mama mtu anajiuliza kama ni kweli.

“Mama? Ni wewe? Bonyeza tena.”

Kikabonyeza.

Aliinama karibu. “Unaumwa?” Hakuna. “Mrija unakukera?” Hakuna. “Mto? Nikugeuze? Baridi?” Hakuna, hakuna. Aliuliza vitu vyote vya chumba kile na vyote vya mwili, na kidole kikalala. Akamuuliza juu ya lile jambo la siku ile, lile la kwake. Ni la mtu? Ni la nyumbani? Ni zito? Ni la kuchekesha? Kidole kikatikisika, kikaacha, kana kwamba jambo lenyewe lilikuwa limekwisha kupita na halifai tena kupashwa moto.

“Basi unataka nini, mama yangu? Unataka mtu?”

Kikabonyeza.

“Nipo. Mimi nipo hapa. Siendi popote.”

Kidole hakikusema kitu.

Kwenye kitanda cha pili mtu alikuwa anakohoa. Kisha Profesa aliuliza, “Unamtaka mama mdogo?”

Mama alibonyeza, akabonyeza, akabonyeza.

*

Redio aliingia amevaa vizuri, kama aendaye kuomba kazi, akakaa kwenye ncha ya kiti. Aliutazama mrija. Aliitazama mashine ikiinua kifua cha rafiki yake na kukishusha, kukiinua na kukishusha. Na kwa mara ya kwanza tangu mtaa ule ujengwe, hakuwa na neno.

“Sema naye,” Profesa alimwambia.

“Niseme nini?”

“Chochote.”

“Atachoka.”

“Sema, mama mdogo.”

Redio alijikohoza. Alianza na salamu za watu, kwa adabu, sauti ya kilioni. Salamu ziliisha. Akafumba macho, akapapasa ndani yake, na alipofumbua alikuwa amesogeza kiti.

“Sikiliza nikwambie. Yule muuza nyama wetu. Si unajua anavyojisikia? Ameposa. Ndiyo, na tumbo lile. Sasa juzi anakwenda kuonekana kwa wakwe, akapita kwanza kwa kinyozi anyolewe yote, ang’ae. Kinyozi kaanza huku.” Akaupitisha mkono upande mmoja wa kichwa chake. “Kafika hapa katikati, umeme, pu! Umekatika. Wamengoja. Wamengoja! Wakwe wanapiga simu, uko wapi. Ikabidi aazime kofia ya kinyozi, ile ya sufu, na jua lilivyokuwa linawaka. Kaenda. Nusu kichwa cha mwaka jana, nusu cha leo.”

Shuka lilitikisika.

“Anakaa sebuleni anatoka jasho kama anapikwa. Mama mkwe anamwangalia, anamwangalia, mwishowe anamwambia, ‘Mkwe, mbona umejifunika hivyo? Hapa ni kwenu, vua kofia uwe huru.’”

Mashine ikapiga mlio. Mkali, mara tatu, ukanyamaza, ukaanza tena. Kwenye skrini mstari uliokuwa ukipanda na kushuka kwa nidhamu tangu siku ya kwanza ulivunjika, ukarukaruka. Redio alisimama, mikono mdomoni. Muuguzi alikuwa ameshafika, anakagua mrija, anakagua skrini, anakagua nyuso zao.

“Nani anamsumbua mgonjwa? Anashindana na mashine. Mmemfanya nini?”

Redio alikuwa ameshaokota mkoba wake, kichwa chini, anatafuta njia ya kupita.

“Keti, mama mdogo,” Profesa alisema.

Alimshika kanga, akamrudisha kwenye kiti. Hakumtazama muuguzi. Alikuwa ameinama juu ya uso wa mama yake, ule uso uliopigwa pasi, usioonyesha kitu kabisa, wala kope, wala shavu, wala pembe ya mdomo.

“Endelea,” alisema. “Akaivua?”

Chini ya shuka tumbo la mama lilikuwa likitikisika, na mashine, isiyojua kicheko ni kitu gani, ikazidi kuita.